Motokaa ya Milango Minne Katika Njia ya Makambako

Mwezi wa Aprili mwaka 2009, katika mji wa Shanghai nchini China, kampuni ya Porsche ya Ujerumani, ambayo tangu mwaka 1948 ilikuwa imejijengea jina kwa motokaa fupi na nyepesi za milango miwili, ambazo abiria wa nyuma, kama yupo, hukaa kwa kujikunja, iliwaonyesha walimwengu motokaa mpya iliyoitwa Panamera: ndefu, pana, nzito, yenye milango minne na viti vinne kamili, injini yake ikiwa mbele wala si nyuma kama ilivyozoeleka, na ndani yake ngozi na starehe zote ambazo tajiri aketiye kiti cha nyuma huzitazamia.

Waashiki wa motokaa, kwa desturi yao ya kupenda kwa dhati na kukasirika kwa dhati, walihitilafiana mara moja. Walikuwapo waliofurahi kwamba sasa mtu mwenye mke na watoto ataweza kuendesha Porsche pasipo kuacha jamaa zake nyumbani. Lakini waliosikika zaidi ni wale walionung'unika kwamba mgongo wa motokaa ya Porsche 911, uliokuwa pambo katika umbo fupi, umekuwa nundu ya ng'ombe katika umbo refu, na kwamba kampuni iliyoinukia mashindanoni imekwenda kutafuta hadhi ya kuchukua mabwana kuwapeleka maofisini. Wazee wao wakakumbusha kwamba hii si mara ya kwanza: mwaka 2002 ilikuwa Cayenne, gari refu la kwenda juu, na kabla yake, mwaka 1977, ilikuwa 928, yenye injini mbele, ambayo kampuni iliikusudia ishike mahali pa 911, ikatunukiwa cheo cha gari bora la mwaka 1978 huko Ulaya, walakini mioyo ya waashiki haikuikubali, na mwisho 928 ikakoma mwaka 1995, ilhali 911 ingaliko.

Manung'uniko hayo ni ya watu wenye mapenzi, nami siyadharau, kwa maana asiyekipenda kitu hanuni kinapobadilika. Hata hivyo, kwa mtu aliyezijua njia za Afrika ya Mashariki, na hususa njia ipandayo nyanda za juu za kusini mwa Tanzania mpaka Makambako, yamo ndani ya manung'uniko hayo mambo mawili yanayogombana na tarikhi: la kwanza ni dhana ya kwamba kasi na mashindano ni mali ya milango miwili, na la pili ni dhana ya kwamba motokaa iliyofanyizwa kuchukua watu wanne kwa heshima imekwisha uacha ushujaa. Kwetu sisi mambo yalikuwa kinyume cha hayo kwa muda wa miaka mingi, na sababu yake ilikuwa barabara.

Makambako ni mji wa njia panda. Uko katika mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka mkoa wa Iringa mwaka 2012, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na ambapo reli ya TAZARA, baada ya kupanda kwa taabu kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki mengi, hufika katika nchi ya uwanda. Ni nchi ya Wabena, yenye baridi kali katika Juni na Julai na ukungu wa asubuhi unaomlazimu dereva kuwasha taa. Na mvua zinyeshapo, tangu Novemba hata Aprili, udongo wake mwekundu, pasipo lami, huwa utelezi usiomheshimu mwenye gari kubwa wala mwenye gari dogo. Mji kama huu hauwezi kuwa na watu wasiojua magari. Mama auzaye viazi kando ya barabara hutambua kwa mlio tu kama lori linalokuja limebeba mzigo au li tupu, na mtoto wa shule hutaja aina ya basi kabla halijatokea mpindoni.

Katika nchi hizi za bara, kabla ya motokaa, mizigo ilikwenda vichwani mwa wapagazi. Motokaa ya kwanza kuvuka bara zima la Afrika ilitoka kwetu: tarehe 10 Agosti mwaka 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam katika chombo kilichoundwa Gaggenau, kilichoinuliwa juu sana ya magurudumu makubwa, naye hakufika Swakopmund, katika pwani ya bahari ya Atlantiki, ila tarehe 1 Mei mwaka 1909. Safari ya karibu miaka miwili kwa chombo ambacho sifa yake kubwa ni mwendo! Hapo ndipo barabara za Afrika zilipotoa hukumu yao ya awali, kwamba gari huulizwa kwanza urefu wa tumbo lake kutoka ardhini, kisha uimara wa springi zake, na mwendo huulizwa baadaye.

Waingereza walipoipokea Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitengeneza kidogo kidogo ile iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyoingia nchini Tunduma, ikapita Mbeya, Iringa na Dodoma, ikaenda zake Arusha na kuvuka mpaka wa Kenya. Nayo ilikuwa sehemu ya ndoto ya wakoloni ya kuunga Cape Town na Cairo kwa njia moja. Makambako ilikuwa juu ya njia hiyo. Ilikuwa barabara ya udongo, yenye mawimbi ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na waliopita juu yake kwa magari ya chini walikuwa maofisa, wamisionari, matajiri wa maduka, na baada ya mwaka 1949 watu wa kampuni ya miwati iliyoanzishwa Njombe. Watu wengi wa nchi waliliona gari dogo kwa mbali, kama kitu cha serikali.

Basi ikaja mwaka 1953 kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na katika Nairobi Eric Cecil na Neil Vincent wakabuni mashindano ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyokuja kuitwa Safari ya Afrika ya Mashariki. Ningependa msomaji asimame kidogo hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mashindano yale hayakufanywa katika uwanja uliosakafiwa, wala kwa vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya kushindana tu. Yalifanywa kwa motokaa za dukani, na hapo mwanzo motokaa hizo ziligawanywa kwa bei yake, wala si kwa ukubwa wa injini, ili mtu wa kawaida apate kujua ni ipi kati ya zile azionazo dukani itakayomfikisha. Tangu mwaka wa pili yakawa ya siku za Pasaka, yaani wakati mvua za masika zimekwisha kushika, jambo lililoyafanya kuwa mtihani wa matope kama yale ambayo mwananchi wa kawaida aliyakanyaga kila siku.

Tazama walioshinda. Mwaka 1959 na mwaka 1960 alishinda Bill Fritschy katika Mercedes-Benz 219. Mwaka 1961 alishinda John Manussis katika Mercedes-Benz 220SE. Magari hayo yote yalikuwa ya milango minne, ya viti vipana, ya mtu mzima aendaye kazini na kofia yake. Kisha zikaja zama za Peugeot 404, motokaa ya milango minne iliyochorwa na Pininfarina wa Italia na kutolewa mwaka 1960, ambayo hapana mtu angeiita gari la mbio kwa kuitazama. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84, zikafika 7 tu, na ya kwanza kati ya hizo 7 ilikuwa 404 ya Nick Nowicki. Mwaka 1966 na mwaka 1967 ushindi ulichukuliwa mara mbili mfululizo na Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mkaazi wa Tanzania, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, katika 404 ambayo injini yake ililishwa petroli kwa pampu ya kunyunyizia badala ya kabureta. Mwaka 1968 mvua zilirudi na ghadhabu yake yote: zilianza motokaa 93, zikafika 7 tena, na Nowicki akawa wa kwanza tena, katika 404 tena.

Siri ya 404 haikuwa nguvu, kwa sababu wapo waliokuwa na nguvu zaidi. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, hata gurudumu liliweza kuteremka shimoni na kupanda pasipo bodi kuteremka nalo. Tumbo lake lilikuwa juu ya kutosha kuruka jiwe. Na kile kilichovunjika ndani yake kiliweza kutengenezwa na fundi aliye na spana na busara. Sifa hizo ndizo hizo zilizoifanya ipendwe na mwenye teksi, na mganga wa wilaya, na mfanyabiashara. Kwa hiyo mtu aliyeketi Makambako na kusikia redioni kwamba Peugeot imeshinda Safari hakusikia habari ya chombo cha ajabu kutoka nchi za mbali. Alisikia habari ya gari ambalo huenda lilipita mbele ya mlango wake asubuhi ile ile likimpeleka mgonjwa hospitali. Katika bara gani lingine shujaa wa mashindano na mchukuzi wa wagonjwa walikuwa kitu kimoja?

Na Porsche je? Porsche ilikuja Safari kwa moyo mkubwa na kwa madereva wa sifa. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alikuwa wa pili katika 911. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alikuwa wa pili katika 911. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo wa Kenya alikuwa wa pili katika 911, na aliyemtangulia mwaka huo alikuwa Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504 Coupé. Mara tatu ya pili, na ya kwanza haikuwa hata mara moja, katika miaka yote ya mashindano yale makubwa. Insafu inanitaka niseme pia kwamba motokaa ya michezo yenye viti viwili iliwahi kushinda, maana Datsun 240Z ilitwaa ushindi mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta. Lakini kampuni hiyo hiyo ya Datsun mwaka 1970 ilikuwa imeshinda, kwa mkono wa Herrmann huyo huyo, katika 1600 SSS, gari la milango minne la kuchukua jamaa. Waldegård alikuja kushinda kwa 911 mwaka 2011, akiwa mzee na mwanawe ubavuni, katika Safari ya magari ya kale. Na mimi ni mmoja wa waliofurahi, kwa kuwa subira ya miaka zaidi ya thelathini yastahili malipo.

Wakati Safari inaendelea kaskazini, njia ya Makambako ilikuwa imeingia katika mtihani mzito zaidi kuliko mashindano. Tarehe 11 Novemba mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wa dhuluma, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikageuza uso kuelekea Dar es Salaam. Malori yakaanza kupita usiku na mchana yakibeba mapipa ya petroli kwenda na shaba kurudi, juu ya barabara ile ile ya udongo, mpaka madereva wa Kizungu wakaiita njia ya jahanamu. Likafuata bomba la mafuta mwaka 1968, kisha barabara ya lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha reli ya TAZARA ya kilomita 1,860, iliyoanzwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Na katika miaka ya 1980 lami ikaenda mpaka Songea kwa msaada wa Uingereza. Makambako, palipokuwa mahali pa kupita, pakawa mahali pa kulala, pa kula, pa kuziba pancha na pa kufungua gia boksi barazani. Gereji za mji ule zilizaliwa katika miaka hiyo, na elimu ya mafundi wake ilitoka tumboni mwa malori.

Huku nyuma gari dogo lilikuwa limepata maana nyingine. Mara baada ya uhuru lilizuka katika Afrika ya Mashariki jina la Wabenzi, kwa ajili ya wakubwa wapya waliopenda Mercedes-Benz, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawawekea viongozi miiko ya maisha. Nina hakika kwamba chuki ile ya wananchi haikuwa juu ya chombo. Mercedes ilikuwa imekwisha kujitolea shahada yake matopeni miaka mitatu mfululizo, na hapana dereva aliyeinyima haki yake. Kilichochukiwa ni mtu kuketi kiti cha nyuma kwa jasho la wengine. Tofauti hiyo ni kubwa, na wale wanaoilaumu motokaa kwa sababu ya cheo cha anayeipanda wangefanya vema kuitafakari. Katika Nyumba ya Makumbusho ya Dar es Salaam imewekwa Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere; imesimama pale mbele ya watoto wa shule, na wanaoitazama huitazama kwa taadhima.

Kisha zikaja shida: bei ya mafuta ilipanda tangu mwaka 1973, vita vya Kagera vikapigwa mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika. Magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana, na spea ikawa kitu cha kusafiriwa. Ndipo 404 na 504 zilipoonyesha tabia yao mara ya pili, na mafundi wakaonyesha yao. Bushi ilikatwa kutoka tairi kuukuu. Rejeta ilichomelewa mpaka haikuwa na mahali pa kuchomelewa tena. Gari moja lilivuliwa ili mawili yapate kutembea. Miaka hiyo haijaandikwa inavyostahili, nami naiona kuwa miaka ya fahari kuu kwa ufundi wetu.

Baada ya Rais Mwinyi kushika nchi mwaka 1985 na milango ya biashara kufunguliwa, zikaingia motokaa za Kijapani zilizokwisha kutumika, Corolla, Carina, Mark II, na katika miaka ya karibuni Toyota Crown, ambayo vijana wa Makambako, kama vijana wa Tanzania nzima, huitazama kwa jicho la mahaba. Mtazame fundi wa Makambako anapoletewa Crown na kijana aliyeinunua jana. Haanzi na rangi wala na redio. Huchutama, huinamisha kichwa mpaka sikio linakaribia vumbi, akatazama sampu iko umbali gani na ardhi na kama ina alama ya kugongwa. Husimama, huweka viganja viwili juu ya boneti na kukandamiza mara moja kwa uzito wake wote, kisha huachia, akihesabu kimoyomoyo bodi linapanda na kushuka mara ngapi kabla ya kutulia, maana shokapu nzima hutuliza mara moja. Hushika gurudumu la mbele juu na chini na kulitikisa kusikia kama bolijointi imelegea. Mwisho ndipo huuliza spea zinapatikana wapi. Hapo tayari amekwisha toa hukumu, na hukumu hiyo haikutaja idadi ya milango.

Kwa kipimo hicho naipima Panamera. Kwamba ina milango minne si kosa: milango minne ilishinda Safari kubwa, jambo ambalo Porsche zenye miwili hazikuliweza. Kwamba mtu huketi nyuma kwa raha si kosa: abiria wa 404 walikaa kwa raha kuliko wa 911, na 404 ilishinda. Kosa lake, kwa njia zetu, ni tumbo kuwa karibu mno na ardhi, matairi yenye mbavu nyembamba yasiyopenda mashimo, na spea ambazo fundi wa barazani hawezi kuzibadilisha kwa nyingine. Waashiki wa Ulaya walipaswa kuilaumu, kama walitaka kuilaumu, kwa kuwa haikuwekwa mbele ya matope, wala si kwa kuwa imekaribisha watu wawili zaidi. Cayenne waliyoitukana mwaka 2002 ingekuwa na maneno mengi zaidi ya kujitetea mbele ya wazee wa Makambako.

Elimu ninayoisema haimo vitabuni. Imo vinywani mwa madereva waliovuta mapipa ya mafuta baada ya mwaka 1965, mwa utingo waliolala chini ya malori wakati wa baridi, na mwa mafundi waliozihuisha 404 wakati hapakuwa na spea. Na wengi wao sasa ni wazee sana. Nawaomba walimu wa historia wa shule za Makambako na Njombe wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao, na daftari mkononi, waandike aina ya kila gari, mwaka lilipopita, mahali lilipokwama, kilichovunjika na kilichotumika kukitengeneza, na daftari hizo ziwekwe katika maktaba za shule ambapo mtu yeyote ataweza kuzisoma.